Ripoti ya mionzi imeandika ovari zimepata dozi 0.0. Hiyo sifuri ni ya kweli?

#1 Mwana-Uyole
Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Dada yangu ana miaka 36, alitibiwa saratani ya titi la kushoto kwenye hospitali moja Dar: upasuaji, dripu za kemo, halafu mionzi grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25. Kamaliza, nywele zimerudi, sasa hivi yuko shambani anavuna viazi.

Anataka kuzaa tena. Juzi tumefungua faili lake. Kuna jedwali la viungo na dozi: pafu la kushoto, moyo, titi la kulia, na chini kabisa "ovari 0.0", yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi. Yeye kaishangilia hiyo sifuri. Mimi nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita na inanigomea. Grei 50 zipigwe kifuani, tumboni isifike hata chembe?

Kwa hiyo naomba wenye fani wanieleze: sifuri ile imetoka wapi, na kama si sifuri, dozi inayopotelea nje ya eneo la tiba inakadiriwaje? Tafadhali msiniambie "nenda kwa daktari". Tutaenda. Nataka niende nikiwa na maswali.

#2 Pipa la Ulanzi
Siti ya mbele kabisa. Waje wataalamu.

#3 Kitonga Gia Moja
Mkuu, mashine ya mabilioni imekuambia sifuri, wewe wa kidato cha sita unabisha. Lala.

#4 fizikia_soweto
Kitonga, mashine haikusema kitu. Jedwali linatolewa na programu ya kupangia tiba, na programu hiyo inahesabu ndani ya picha za CT-Scan tu. Mgonjwa wa titi anapigwa CT-Scan kuanzia shingoni mpaka chini kidogo ya mbavu. Chini ya hapo, kwa kompyuta, hakuna mwili. Jina "ovari" huwa limo kwenye fomu iliyoandaliwa tayari kwa wagonjwa wote, na kama hakuna aliyezichora, linabaki na 0.0 yake. Kwa hiyo, Mwana-Uyole, dau langu ni kwamba hizo ovari hazikuhesabiwa kabisa.

Halafu hata pale ambapo mwili upo kwenye picha, programu nyingi hukadiria chini ya ukweli ukishatoka nje ya ukingo wa eneo linalopigwa. Wamarekani waliwahi kupima programu moja maarufu wakalinganisha na vipimo halisi: kati ya sentimita 4 na 11 hivi nje ya ukingo, programu ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 40, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo inavyozidi kupotea. Programu hizi zimetengenezwa kupiga shabaha. Kule pembeni hazikusomea.

Dozi ya nje inatoka sehemu tatu. Kwanza uvujaji wa kichwa cha mashine, yaani mionzi inayopenya kinga. Pili mionzi inayodunda kwenye vyuma vinavyokata umbo la boriti, yaani mwale wa mionzi. Tatu, ile inayotawanyika ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Karibu na ukingo huyo wa tatu ndiye bosi. Ukifika mbali, uvujaji unashika usukani.

#5 Pipa la Ulanzi
"Hazikusomea." Hahaha, fizikia umeua.

#6 Mzee wa Kobalti
Kamweneni. Nimefanya kazi chumba cha mionzi tangu enzi za mashine za kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe, sasa nimestaafu, niko Iringa nafuga.

Kijana wa Soweto kaanza vizuri. Kwa wasio na fani niwape picha: umeendesha usiku kwenye ukungu wa Isyonje? Taa umeelekeza barabarani, lakini unaona na kingo, na majani, na hata bonneti yako mwenyewe imeng'aa. Hakuna taa iliyoelekezwa huko. Ukungu ndio unaotawanya. Mwili wa mgonjwa ndio ukungu.

Ila nina neno. Mnazungumzia kompyuta tu. Sisi tulikuwa na majedwali ya karatasi na tulikadiria bila kuona CT-Scan hata moja. Ukijua ukubwa wa eneo, nguvu ya boriti na umbali kutoka ukingoni, unapata namba ya kuanzia. Chama cha wanafizikia tiba wa Marekani kilitoa ripoti mwaka 1995 kwa ajili ya wajawazito, ina grafu za namna hiyo, na nyingine ya jumla mwaka 2017. Kijana, zitoe namba.

#7 Isyonje Baridi
Mzee, mimi ndiye mkazi wa huko kwenye ukungu na taa zangu zote mbili zimekufa, kwa hiyo dozi yangu ni sifuri ya kweli.

#8 fizikia_soweto
Shikamoo mzee. Namba hizi hapa, kwa boriti ya megavolti 6 (hiyo ndiyo nguvu yake) na eneo la sentimita 10 kwa 10:

Sentimita 10 nje ya ukingo ni karibu asilimia 1 ya dozi ya katikati. Sentimita 30 ni karibu asilimia 0.1. Katikati ya hapo inashuka kwa mteremko mkali, kila hatua unapoteza sehemu ile ile.

Dada yake Mwana-Uyole: grei 50. Kutoka ukingo wa chini wa eneo la titi mpaka ovari weka sentimita 30. Asilimia 0.1 ya grei 50 ni grei 0.05, yaani miligrei 50. Si sifuri, na si ya kutisha pia. Kuua uzazi moja kwa moja kunahitaji grei kadhaa kwenye ovari.

#9 Isyonje Baridi
Sasa bila utani. Eneo la titi si 10 kwa 10. Mwanamke mwenye titi kubwa unaweza kufika 18 kwa 10, na eneo likipanuka mtawanyiko unapanda, wakati mwingine mara 2 au zaidi. Tena boriti za titi zinaingia kwa mshazari, nyingine inapita hewani. Hiyo miligrei 50 yako ningeiandika "kati ya 30 na 100" na ningelala vizuri zaidi.

#10 fizikia_soweto
Sikatai. Nilitaka kuonyesha njia.

#11 NesiTukuyu
Habari zenu. Mimi ni muuguzi, wodi ya wanawake. Mnapigania miligrei 50 na mmeiruka kemo! Mwana-Uyole, dada alipewa dripu gani? Kama ndani yake kulikuwa na saiklofosfamaidi, hiyo ndiyo inayojulikana kudhuru ovari, na mtu akikaribia miaka 40 ndivyo madhara yanavyokuwa makubwa. Nimeona wengi siku zao zinakatika kwenye kemo kabla hata hawajaiona mashine ya mionzi. Halafu ndugu wanakuja kulaumu mionzi.

#12 Mwana-Uyole
Nesi asante. Ndiyo, jina hilo limo kwenye kadi yake. Siku zake zilikatika, zikarudi baada ya miezi.

#13 Kitonga Gia Moja
Swali la kijinga basi. Mtu akitoka kwenye mionzi, watoto wamkumbatie au wakae mbali? Kwetu jirani alitengewa kikombe.

#14 NesiTukuyu
Wamkumbatie! Mionzi ya mashine ikizimwa imeisha, haibaki mwilini. Mrudishieni kikombe chake. Wanaoambiwa wakae mbali na watoto kwa siku kadhaa ni wale waliomeza dawa yenye ayodini ya mionzi kwa ajili ya tezi la shingo. Hiyo ni tiba nyingine kabisa.

#15 Dereva wa TANZAM
Mama mkwe aliambiwa anywe maziwa mgando kila akitoka kwenye mashine, yanatoa sumu ya mionzi. Amekunywa mpaka kanenepa.

#16 fizikia_soweto
Hakuna cha kutolewa, Dereva, ndicho Nesi alichosema #14. Maziwa ni chakula, anywe tu.

#17 Pipa la Ulanzi
Na ulanzi je? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#18 Mzee wa Kobalti
Pipa, rafiki yako anywe maji.

Narudi kwenye hoja. Kuna mtu kaniandikia pembeni kwamba kobalti ikizeeka mgonjwa anapata uvujaji mwingi kwa kuwa anakaa muda mrefu chini ya mashine. Nijibu hapa ili wote wafaidike. Kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27, kwa hiyo kweli dakika zinaongezeka. Lakini uvujaji nao unatoka kwenye chanzo kile kile, umepungua kwa kiwango kile kile. Uwiano haubadiliki. Tatizo la kobalti liko pengine: chanzo chenyewe ni kipana, sentimita 1 mpaka 2, ndiyo maana ukingo wa boriti hauna mstari safi, una kivuli kipana. Kwa kiungo kilicho karibu na ukingo, hapo ndipo unapoumia.

#19 Mafinga Mbao
Mimi nina kesi yangu. Baba ana betri ya moyo upande wa kushoto, na sasa amekutwa na saratani ya koo. Hospitali moja walisema haiwezekani kumpiga mionzi, nyingine wakasema inawezekana. Nimsikilize nani?

#20 fizikia_soweto
Pole mkuu. Inategemea mambo mawili: dozi itakayofika kwenye betri na nguvu ya boriti. Mwongozo wa Wamarekani wa mwaka 2019 unaweka chini ya grei 2 kuwa hatari ndogo, 2 mpaka 5 wastani, juu ya 5 kubwa. Inaangaliwa pia kama moyo wenyewe unategemea hiyo betri kila pigo. Na boriti ikizidi megavolti 10 inaanza kuzalisha nyutroni, na nyutroni zinaweza kuvuruga saketi za betri hata kama ipo mbali na eneo. Kwa koo watatumia megavolti 6, hapo nyutroni si hoja. Waulize: mtakadiriaje dozi kwenye betri, na mtaipima siku ya kwanza?

#21 Isyonje Baridi
Na wasikubali namba ya kompyuta peke yake. Rudi #4.

#22 Mafinga Mbao
Ndaga fijo. Nimeshayaandika kwenye karatasi.

#23 Binti Makambako
Na mwenye mimba? Shoga yangu aligundulika na saratani ya titi ana miezi minne.

#24 Mzee wa Kobalti
Binti, ndiyo maana ripoti ya 1995 iliandikwa. Mara nyingi wanasubiri ajifungue ndipo waanze mionzi. Isipowezekana, kwanza wanakadiria dozi ya mtoto. Chini ya miligrei 100, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi inasema hiyo peke yake si sababu ya kutoa mimba. Halafu wanajenga daraja la madini mazito ya risasi juu ya tumbo, bila kumlalia mgonjwa. Dozi ya mtoto inaweza kushuka karibu nusu. Haishuki zaidi sana, kwa sababu ule mtawanyiko wa ndani ya mwili unapita chini ya risasi yako. Na mtoto anakua, kila wiki kichwa cha mfuko wa uzazi kinasogelea kifua. Dozi ya mwezi wa 3 si ya mwezi wa 7.

#25 Kitonga Gia Moja
Si wamvalishe tu ile aproni ya eksirei?

#26 Mzee wa Kobalti
Ile ni nusu milimita ya risasi kwa mionzi dhaifu. Kwa megavolti 6 inapita kana kwamba haipo.

#27 Dereva wa TANZAM
Haya mambo ya kutisha watu. Namtumbo kuna urani, Panda Hill hapo Mbeya kuna mawe ya ajabu, sisi tuko juu mita 1,700 tunapigwa na mionzi ya anga kila siku. Mbona hatufi?

#28 fizikia_soweto
Dereva, wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisiveti 2.4 kwa mwaka (hapa hesabu milisiveti 1 kama miligrei 1). Miligrei 50 za dada yake Mwana-Uyole ni kama miaka 20 ya hiyo, imebanwa kwenye wiki 5. Haifanyi kuwa sumu. Inafanya iwe kitu cha kuandikwa kwenye faili, siyo 0.0.

#29 Isyonje Baridi
Panda Hill ni madini ya niobi, siyo urani, Dereva. Usianzishe uvumi, kesho watu watahama Songwe.

#30 Dereva wa TANZAM
Viwanja vitashuka bei, nitanunua.

#31 Mwana-Uyole
Nawarudisha darasani. Kwenye jedwali hilo hilo titi la kulia limeandikwa wastani grei 0.4. Hili lilikuwa ndani ya CT-Scan. Niiamini?

#32 Isyonje Baridi
Hapa ndipo ningeweka nguvu, kuliko ovari. Titi la pili liko pua na mdomo na ukingo wa boriti. Upande wa ndani, karibu na mfupa wa kifua, unaweza kupata mara kadhaa ya upande wa nje, kwa hiyo wastani unaficha. Na dada ana miaka 36. Kuna utafiti mkubwa wa wanawake waliotibiwa titi moja: waliokuwa chini ya miaka 40, ambao sehemu husika ya titi la pili ilipata zaidi ya grei 1, walikuwa na hatari ya saratani kwenye titi hilo kama mara 2.5 ya wasiopigwa mionzi. Kwa waliozidi 40 haikuonekana.

Kwa hiyo 0.4 ya kompyuta, ukikumbuka ile asilimia 40 ya #4, inaweza kuwa 0.7. Na upande wa ndani ukavuka 1.

#33 fizikia_soweto
Ule upungufu ulipimwa kwenye programu moja, mpango mmoja. Huwezi kuuzidisha kwa kila mgonjwa.

#34 Isyonje Baridi
Huwezi kuuacha pia.

#35 Mzee wa Kobalti
Mmesahau kabari. Mwana-Uyole, muulize mfizikia kama walitumia kabari ya chuma kwenye njia ya boriti, ile ya kupunguza mionzi upande mmoja. Ile ya chuma inatawanya mionzi kuelekea titi la pili. Mashine za sasa zinaigiza kabari kwa kusogeza mlango unaokata boriti wakati inawaka, mtawanyiko unapungua. Wagonjwa wawili, grei 50 wote, titi la pili likapata dozi tofauti kwa sababu ya kipande cha chuma.

#36 fizikia_soweto
Na kama walitumia njia ya kisasa ya kubadilisha ukali wa boriti kipande kwa kipande, mashine inawaka muda mrefu, mara 2 au 3 kwa dozi ile ile ya uvimbe. Hapo uvujaji wa kichwa unaongezeka kwa kiwango hicho. Kanuni inataka uvujaji kwenye usawa wa mgonjwa usizidi asilimia 0.1 kwa wastani, lakini ni 0.1 ya kila dakika inayowaka.

#37 Kitonga Gia Moja
Kumbe ya kisasa ni mbaya kuliko ya zamani?

#38 fizikia_soweto
Kwa pafu na moyo ni nzuri zaidi. Kwa mbali kule inaweza kuwa mbaya kidogo. Unachagua kipi kikuume.

#39 NesiTukuyu
Kwani hawakuweka vile vidonge vya kupimia juu ya ngozi? Nilipokuwa mafunzoni niliona wanabandika vijipande kwenye pakiti.

#40 Isyonje Baridi
TLD hizo, Nesi. Ndiyo njia ya uhakika: unabandika kwenye titi la pili siku moja, unasoma, unazidisha kwa vipindi 25.

#41 Mzee wa Kobalti
Ya uhakika ukiijua. Nje ya boriti, ngozi hupata dozi kubwa kuliko nyama ya ndani, kwa ajili ya elektroni na mionzi dhaifu inayotua juu juu. Ukibandika TLD tupu utasoma dozi ya ngozi, na utamwogopesha mgonjwa bure. Lazima uifunike na kitu kama nta, nusu sentimita mpaka 1, ndipo upate kinachofika ndani.

#42 Isyonje Baridi
Na saratani ya titi inaanzia sentimita ngapi ndani, mzee? Kuna tishu karibu na ngozi. Mimi ningeacha moja tupu na moja imefunikwa.

#43 fizikia_soweto
Na zote mbili zitasoma juu kidogo, maana mionzi iliyotawanyika ni laini kuliko boriti uliyopimia kipimo chako, na TLD inaipokea kwa shauku zaidi. Kwa hiyo kompyuta inasoma chini, TLD inasoma juu, na jedwali la mzee liko katikati kwa sababu halimjui mgonjwa.

#44 Pipa la Ulanzi
Kwa hiyo jibu ni "katikati". Asanteni kwa kozi ya bure.

#45 Mwana-Uyole
Nimepiga simu idara yao leo. Mfizikia wao muungwana kweli. Ovari hazikuchorwa, kama fizikia alivyosema #4. Boriti megavolti 6, kabari ilikuwa ya kuigiza, siyo ya chuma. TLD hawakuweka. Kuhusu titi la kulia amesema anaamini 0.4 yake, ila aanze mapema kupigwa picha za titi hilo kila mwaka.

#46 Isyonje Baridi
Anaiamini 0.4 lakini anataka picha mapema. Haya.

#47 fizikia_soweto
Picha za kila mwaka angeambiwa hata kama titi lile lingepata sifuri, kwa kuwa tayari aliugua moja akiwa kijana. Usimsome vibaya.

#48 Mafinga Mbao
Niulize kitu kabla hamjafunga. Baba wamesema kila siku kabla ya mionzi watampiga picha ya CT juu ya mashine ile ile kuhakikisha amelala sawa. Hizo picha nazo zinahesabiwa kwenye dozi ya betri?

#49 fizikia_soweto
Picha moja ya aina hiyo ni kama sentigrei 1 hivi, inategemea mashine na walivyoipanga. Mwongozo wa 2018 unasema zihesabiwe jumla yake ikizidi asilimia 5 ya dozi ya tiba. Kwa baba haitafika.

#50 Isyonje Baridi
Asilimia 5 ya dozi ya uvimbe, si ya betri! Sentigrei 1 kwa vipindi 30 ni grei 0.3. Kwa uvimbe wa grei 60 ni vumbi. Kwa betri iliyo nje ya boriti lakini ndani ya picha, inaweza kuzidi uvujaji wote tuliokuwa tunaugombania tangu jana. Na kwa titi la kulia la dada je, walimpiga picha za namna hiyo? Hakuna aliyeuliza.

#51 Mzee wa Kobalti
Isyonje, betri ina mpaka wa grei 2, 0.3 haiigusi. Ila swali la titi la kulia nalikubali. Mwana-Uyole, rudi kwenye simu: waulize picha zilikuwa za aina gani, na mara ngapi kwa wiki.